Final Fantasy VII: mchezo wa zamani unaotuhusu sisi wa machimbo

Kuna mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 1997 ambao watu hawajaacha kuujadili hadi leo. Wanaucheza tena wakiwa na watoto wao, wanabishana juu ya wahusika wake, wanaulizana nani alikuwa na haki na nani alikosa. Wengi wao wanaishi mbali sana na Kivu. Lakini ndani ya hadithi hiyo kuna mji wa wachimba madini ulioteketezwa kwa moto, na juu ya watu walionusurika pakajengwa mahali pa starehe. Mimi naona kwamba sisi wa mashariki mwa Congo tuna neno la kusema katika mazungumzo hayo, na hatujalisema.

Mchezo wenyewe unaitwa Final Fantasy VII, kazi ya kampuni ya Square. Ni wa aina ambayo vijana huiita kwa herufi tatu, RPG. Hapo hupigi mpira wala ngumi. Unaingia katika hadithi ndefu, unamwongoza mhusika toka mji hadi mji, unazungumza na watu, unachagua la kujibu, na nguvu zako zinaongezeka polepole. Ulijaa diski tatu za PlayStation ya kwanza, na kuumaliza kunadai makumi ya saa. Uliuzwa nakala zaidi ya milioni 10.

Diski moja tu

Siku ulipotoka Japani, tarehe 31 Januari 1997, sisi tulikuwa katikati ya vita ya AFDL. Hakuna aliyekuwa na akili ya michezo. Mimi niliukuta miaka kadhaa baadaye, katika chumba kidogo huko Kadutu, mjini Bukavu. Kulikuwa na televisheni nne, maneti zilizofungwa kwa skochi, na tulilipa franga kwa kuhesabiwa dakika. Karibu wote walicheza mpira. Yaya mmoja tu ndiye aliyecheza kitu chenye maandishi mengi, na sisi wadogo tulikaa nyuma yake tukimwomba atueleze. Alisoma kile Kifaransa cha mchezo, ambacho tafsiri yake ilijulikana kwa makosa, akatuambia kwa Kiswahili. Alipokuta sentensi isiyoeleweka, aliweka ya kwake. Nafikiri nusu ya hadithi niliyoipenda ilitoka kichwani mwake.

Chumba kile hakikuwa na kadi ya kutunzia mchezo. Umeme ukikatika, safari yote inarudi mwanzo. Tena diski iliyokuwepo ilikuwa ya kwanza peke yake. Wanaoujua mchezo huu wanaelewa maana yake: mwishoni mwa diski ya kwanza, Aerith, msichana muuza maua, anauawa kwa upanga na Sephiroth, akiwa amepiga magoti anaomba. Kwetu sisi hadithi iliishia hapo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwenye kuitunga alikusudia iishe hivyo. Hatukushangaa. Tulikuwa watoto wa Kivu.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilisoma kwamba wachezaji wa nchi nyingine walitumia miaka kutafuta njia ya kumfufua Aerith. Zilienea kila aina ya tetesi: fanya hivi, pitia kule, okota kitu fulani, atarudi. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Hapo ndipo nilishangaa. Wao waliona haiwezekani mtu mwema afe hivyo bila kuwa na mlango wa siri. Sisi hatukuwaza hata kuutafuta.

Mji uitwao Corel

Niliumaliza mchezo huu kwenye simu, miaka mingi baada ya chumba kile kufungwa. Ulikuwa uleule, ila mimi nilikuwa mwingine.

Nikiwa mtoto niliona milipuko na mapanga. Safari hii niliona kampuni. Inaitwa Shinra. Inafyonza uhai wa ardhi yenyewe, inaugeuza kuwa umeme, na inauangaza mji mkubwa wa Midgar. Mji huo umejengwa kwa ghorofa mbili: matajiri wanaishi juu ya bamba kubwa la chuma, na maskini wanaishi chini yake katika vibanda, bila kuona jua. Mitambo inapofanya kazi, ardhi inayouzunguka mji inakauka.

Kisha nikafika Corel. Ni mji wa wachimba makaa ya mawe. Shinra inakuja na ahadi: tupeni nafasi ya kujenga mtambo, mtapata maisha bora. Watu wanakaa kikao. Dyne peke yake anakataa. Rafiki yake Barret, naye mchimbaji, ni kati ya wanaosema tukubali, kwa sababu makaa hayana tena soko. Mtambo unajengwa. Siku moja unalipuka, Shinra inawalaumu wenyeji, na askari wake wanauchoma mji. Mke wa Barret anakufa. Walionusurika wanahamia katika vibanda vya mabati na matambara, na Barret anaporudi kuwasalimu, wanampiga. Yeye harudishi ngumi.

Na juu ya vibanda hivyo kuna Gold Saucer, mahali pa michezo pa kifahari penye taa za kila rangi. Mtu anayetaka kwenda kucheza huko anapandia gari la kamba palepale Corel, kati ya wale waliofiwa. Chini ya jumba hilo, kwenye mchanga, kuna gereza.

Nilizima simu nikakaa kimya. Watungaji wa Japani hawakuwa wakiandika juu yetu, hilo ni wazi. Lakini mtu wa Masisi au Walikale akipita hapo hawezi kudhani yuko ugenini.

Koltani ndani ya maneti

Tusisahau kwamba sisi na mashine hizi tunajuana kwa njia nyingine. Tantalamu inayotoka katika koltani yetu inatengeneza vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, kompyuta na konsoli za michezo. Mwaka 2000 PlayStation ya pili ilianza kuuzwa, simu za mkononi zikaenea duniani, na kufika mwisho wa mwaka huo bei ya koltani ilipanda mara nyingi kupita ya kawaida. Katika Kivu watu waliacha mashamba wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Aprili mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya uporaji wa mali asili za Congo, wakieleza jinsi madini yalivyokuwa yakilisha vita.

Sisemi konsoli ndiyo iliyoleta vita. Vita vyetu vina mizizi mingi, na madini yanaingia pia katika vitu vingine vingi tunavyovitumia sisi wenyewe kila siku. Ninachosema ni hiki: mtoto aliyekaa kwenye kochi ng'ambo akilia kwa ajili ya Corel, inawezekana alishika mikononi kipande cha Corel ya kweli. Yeye hakujua. Nani angemwambia kama sisi tunanyamaza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaolala kwenye kitanda hiki ni sisi.

Barret alikuwa na haki?

Swali ambalo wapenzi wa mchezo huu hulirudia sana ni hili. Baada ya kupoteza mji wake, Barret anaunda kundi la siri mjini Midgar na kulipua mtambo wa Shinra. Anasema anaiokoa dunia. Ukiwa mtoto unashangilia. Lakini mbele zaidi katika hadithi, Cait Sith, kikaragosi kinachoongozwa kwa mbali na mtu wa Shinra, anamuuliza: ni watu wangapi walikufa siku ile? Barret anajitetea kwamba ilikuwa kwa ajili ya uhai wa dunia, na wachache hawawezi kukosa kuumia. Anajibiwa kwamba hao wachache kwako, kwao wenyewe ndio yalikuwa maisha yao yote. Baadaye sana Barret anakiri: njia ile haikuwa njia, na mwanzoni alichokitafuta kilikuwa kisasi.

Nimewaona watu wa Ulaya na Marekani wakibishana juu ya jambo hili kama watu wanaojadili mechi. Kwetu swali hili lina mwili. Ni vikundi vingapi vya silaha vimetuambia vinapigania ardhi yetu na watoto wetu? Ni kijana gani wa hapa ambaye hamjui mwenzake aliyeingia porini kwa sababu nyumba yao ilichomwa? Mtu huyo tunamlaumu, tunamhurumia, au vyote viwili? Kumzungumzia jirani kwa jina ni hatari, na huenda kukaleta ugomvi kati ya familia. Lakini kumzungumzia Barret kunawezekana. Wazee wetu walikuwa wanafanya hivyo kwa hadithi za sungura na fisi: kila mtu alijua fisi ni nani, na hakuna aliyetukanwa.

Mtaniambia hivi

Najua kuna watakaosema: watu wako kambini, wengine hawajala, na wewe unatuletea habari za michezo ya watoto? Nawaelewa. Mchezo hauwezi kumrudisha mkimbizi nyumbani. Lakini vijana wetu wanacheza tayari, kwenye simu, usiku na mchana, wakiwemo walioko kambini. Swali ni wanacheza nini na wanazungumza nini baada ya kucheza. Mchezo wa risasi unaisha ukiuzima. Huu unakuacha na maswali.

Wengine watasema lugha ni kizuizi. Ni kweli, sijawahi kuukuta kwa Kiswahili. Hata hivyo, angalieni yaliyofanyika kwa mchezo mwingine wa Kijapani, Mother 3, uliotoka mwaka 2006. Kampuni yake haikuutoa nje ya Japani. Wapenzi wake, wakiongozwa na mfasiri Clyde Mandelin, waliutafsiri kwa Kiingereza kwa kujitolea na kuimaliza kazi mwaka 2008. Hawakusubiri mtu awaruhusu kuupenda. Na yule yaya wa Kadutu alifanya kazi ileile kwa mdomo, bila kompyuta, tena kwa bei ya dakika zake mwenyewe.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili tu, tena madogo. La kwanza, wale wenye umri wangu waliokaa katika vyumba vile vya Bukavu, Goma, Uvira na Butembo wasione aibu kuizungumzia michezo waliyoipenda. Wakae na wadogo zao, wawasimulie hadithi ya Corel kwa Kiswahili chetu, halafu wawaulize wangefanya nini siku ile ya kikao: wangekuwa upande wa Dyne au wa Barret? La pili, wanafunzi wetu wa informatiki, ambao sasa ni wengi, wajaribu kuandika mchezo wao, hata mfupi wa kurasa chache za mazungumzo. Uwe na kijiji kinachoulizwa kama kinakubali kampuni ije kuchimba, na mchezaji apewe nafasi ya kujibu.

Kampuni ya Square Enix yenyewe imeamua kuisimulia upya hadithi ile ya 1997 katika sehemu tatu. Ya kwanza ilitoka tarehe 10 Aprili 2020, na ya pili tarehe 29 Februari 2024. Dunia nzima ikaanza tena kubishana juu ya Aerith, Shinra na Barret. Safari hii Corel imechorwa vizuri kiasi kwamba unaona vumbi kwenye mabati. Vumbi hilo sisi tunalijua. Tuseme basi tunachokijua, kabla wengine hawajamaliza kutueleza maana yake.