Wasuni wa Iraki na Siasa za Mgao

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba dawa ya uchaguzi usio wa haki ni kuususia, basi. Tunawaomba waitazame Iraki.

Tarehe 30 Januari 2005 Wairaki walichagua bunge la kuandika katiba mpya. Waarabu wa Kisuni walio wengi walisusia. Sababu walikuwa nazo: nchi ilikuwa mikononi mwa majeshi ya kigeni, mji wa Fallujah ulikuwa umebomolewa kwa mapigano miezi michache tu kabla, na aliyethubutu kwenda kituoni alitishiwa maisha na watu wa bunduki. Hatuwezi kuwadharau. Lakini katika mkoa wa Anbar waliojitokeza walikuwa kama wawili katika kila mia, na kalamu ya katiba ikashikwa na wengine.

Walipozinduka walikuwa wamechelewa. Katika kura ya maoni ya 15 Oktoba mwaka huo, katiba ingeanguka endapo thuluthi mbili ya wapiga kura wa mikoa mitatu wangeikataa. Anbar na Salahuddin walifikia kiwango hicho. Nineveh wengi waliikataa, ila hawakufika thuluthi mbili. Katiba ikapita.

Hapo ndipo ulipoingia uwanjani muungano wa Tawafuq, neno lililo ndugu wa muafaka wetu. Vyama vitatu vya Kisuni viliungana, kikiwamo Chama cha Kiislamu cha Tariq al-Hashimi, ambacho siku chache kabla ya kura ya maoni kilikuwa kimewahimiza wafuasi wake kuikubali katiba kwa ahadi kwamba ingerekebishwa baadaye. Ahadi hiyo haikutimizwa. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Desemba 2005 Tawafuq ilipata viti 44 kati ya 275. Al-Hashimi akawa makamu wa rais, na mwenzake Mahmoud al-Mashhadani akawa spika.

Tunasema bila kigugumizi kwamba kuingia bungeni kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuyafanya madhehebu kuwa mtaji. Wairaki wenyewe huuita mpango huo muhasasa, na ndani yake msomaji atalisikia neno letu hisa: urais kwa Mkurdi, uwaziri mkuu kwa Mshia, uspika kwa Msuni. Hakuna ibara ya katiba inayoamuru hivyo. Ni desturi tu, nayo imeota mizizi kuliko sheria. Viongozi waligawana wizara. Mwananchi aliyezuiliwa bila mashtaka alibaki korokoroni.

Tarehe 1 Agosti 2007 Tawafuq iliwatoa mawaziri wake serikalini, ikidai waliozuiliwa bila mashtaka waachiliwe na makundi ya wanamgambo yavunjwe. Julai 2008 ikarudi. Wapiga kura walikuwa wakitazama. Mwaka 2010 muungano uliokuwa na viti 44 uliambulia 6 kati ya 325.

Wasuni wengi walikwenda wapi? Walimpigia kura Ayad Allawi, ambaye ni Mshia, kwa kuwa orodha yake ya Iraqiya ilisimama kwa jina la taifa. Al-Hashimi naye alikuwa amehamia huko. Iraqiya ikapata viti 91, orodha ya Nouri al-Maliki 89, na bado Maliki ndiye aliyebaki waziri mkuu. Desemba 2011, majeshi ya Marekani yakiwa ndiyo kwanza yameondoka, ilitolewa hati ya kumkamata al-Hashimi kwa tuhuma za kuendesha vikosi vya mauaji. Alizikana, akakimbilia nje, na mwaka 2012 akahukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani.

Waliokuja kuikataa muhasasa kwa sauti kubwa zaidi hawakuwa Wasuni. Oktoba 2019 vijana wa Baghdad na mikoa ya kusini, wengi wao wa nyumba za Kishia, walijaa barabarani wakidai nchi, wala si hisa. Mamia waliuawa. Waziri mkuu alijiuzulu kabla mwaka haujaisha.