Kidumbak si Makelele



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la skuli nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulidharau. Jambo lenyewe ni kidumbak. Najua ya kuwa wako wazee wetu, na hata waalimu, ambao wakilisikia neno hili hukunja nyuso wakasema kuwa ni makelele ya harusini tu. Mimi ni mtoto wa Jang'ombe, na huko kwetu kidumbak hakihitaji kuelezwa. Lakini kwa kuwa wenzangu wengi hapa dakhalia wametoka shamba na Pemba, afadhali nianze kwa kueleza ni kitu gani.

Kidumbak hupigwa na watu wachache. Pana ngoma mbili ndogo za udongo, ambazo ngozi zake huoteshwa moto ili zikaze, pana cherewa na mkwasa wa kushika mwendo, pana fidla, na pana sanduku. Sanduku hili ni sanduku kweli, la mbao, mfano wa yale yaliyokuwa yakitiwa majani ya chai. Hutobolewa, likatiwa uzi mmoja, na ncha ya pili ya uzi ikafungwa kwenye fimbo. Mpigaji akiivuta fimbo, uzi hukaza na sauti hupanda. Akiilegeza, sauti hushuka. Hapana alama yo yote ya kumwonyesha mahali pa sauti ila sikio lake mwenyewe.

Ama historia ya kidumbak haitengani na ya taarab. Taarab ya hapa Unguja ilianza kwa wakubwa. Inasimuliwa kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchi ya Misri kujifunza muziki, naye aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho hata leo kipo. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za Kiarabu, na chombo kama ganuni, chenye nyuzi zaidi ya 70, hakikuwa cha mtu maskini. Watu wa Ng'ambo, waliokaa upande wa pili wa mkondo wa Darajani ambao leo umefukiwa, walipenda taarab kama wa mjini, lakini mifuko yao ilikuwa mitupu. Basi waliipiga kwa vile walivyokuwa navyo, na wakatia ndani yake mapigo ya ngoma zao. Ni huko huko Ng'ambo alikokaa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenziwe kutia nyimbo za Kiswahili katika santuri.

Mwaka 1958 kilianza kikundi cha Shime Kuokoana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikundi hicho kiliwekwa chini ya serikali, na leo kinajulikana kwa jina la Culture Musical Club, au kwa ulimi wa mtaani, Kalcha. Kila mtu hukisifu. Lakini ni wangapi wanaojua kuwa wengi katika wapigaji wa taarab walianza kujifunza katika kidumbak? Makame Faki, aliyepewa jina la Sauti ya Zege, alikuwa mwimbaji wa Culture, na huyo huyo ndiye aliyeongoza kundi la Kidumbak Kalcha. Mwaka 1997 kundi hilo lilitolewa sahani nchini Ujerumani kwa jina la Ng'ambo. Yaani jina tunalolionea haya hapa lilikwenda Ulaya likiwa limeandikwa juu ya jalada.

Sasa nije katika hoja yangu. Katika taarab ya kikundi kikubwa fidla ni nyingi, na mmoja akikosea wenziwe humfunika. Katika kidumbak fidla ni moja. Nyimbo huunganishwa moja baada ya moja bila ya kupumzika, mwendo huzidi kuwa wa kasi, na yule mwenye fidla lazima amjibu mwimbaji, aifuate ngoma, na asiuache wimbo wenyewe. Mtu asiyekuwa na ufundi hawezi kudumu hapo hata robo saa. Je, hayo ni makelele? Jambo likipigwa kwa nguvu na kwa kasi halikosi kuwa na elimu ndani yake.

Wala si sisi peke yetu wenye ugomvi huu. Huko Uingereza kundi la Deep Purple lilipiga magitaa ya umeme kwa sauti kubwa mno, na lilihesabiwa miongoni mwa makundi ya makelele ya vijana. Lakini mwaka 1969 kundi hilo lilikaa pamoja na okestra ya Royal Philharmonic katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, wakapiga muziki mmoja uliotungwa na Jon Lord, mpiga kinanda wa kundi lenyewe. Wasikilizaji wakaona kuwa ufundi hauchagui chombo.

Muhula uliopita baadhi yetu tuliomba kidumbak kipigwe katika siku ya wazee. Tulikataliwa, na badala yake ikaletwa spika kubwa ikatoa nyimbo zilizorekodiwa tangu asubuhi mpaka alasiri. Kwa makelele, spika ile ilishinda vidumbak kumi! Tena yuko mwanafunzi mmoja mdogo hapa dakhalia, fundi wa sanduku, ambaye kwao ameambiwa achague baina ya sanduku na masomo. Mimi nauliza: kwa nini achague?

Wanaopinga wana hoja mbili, nazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kuwa michezo ya kidumbak harusini haina heshima. Huenda ikawa kweli pahala pengine. Lakini mchezo ni kitu kimoja na upigaji ni kitu kingine. Hapa skuli watu wanaweza kukaa vitini wakasikiliza. Hoja ya pili ni kuwa muziki utakula wakati wa masomo. Mbona mpira huchezwa kila jioni, wala hatusemi kuwa unaharibu masomo? Mimi ni mtu wa Jang'ombe, mpira siwezi kuutukana. Nasema tu kuwa muziki nao upewe saa moja ya Jumamosi.

Kiko chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa mjini mwaka 2002, nacho kimefanya kazi kubwa. Lakini mwaka 2019 hata hicho kilikaribia kufunga milango kwa kukosa fedha. Elimu yenye mlango mmoja ina hatari, kwani mlango huo ukifungwa, imekwisha. Mafundi nao hawaishi milele, na elimu yao haikuandikwa kitabuni. Imo vidoleni mwao.

Kwa hivyo nashauri skuli yetu iwe na chama cha kidumbak. Gharama yake ni ndogo: sanduku na fimbo vitatengenezwa na wanafunzi wenyewe, ngoma mbili na fidla moja zitanunuliwa kwa mchango, na fundi mmoja wa Ng'ambo ataombwa aje kufundisha. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Sisi tunasubiri wageni watutuze kwanza, ndipo tupige makofi.

Mimi mwaka huu namaliza Form IV, na chama hicho kikianzishwa hakitanifaa mimi. Kitamfaa yule mdogo wetu wa sanduku, ambaye ana miaka mitatu zaidi ya kukaa hapa. Nawaomba wazee na waalimu wetu wamfikirie yeye.

Mwanafunzi wa Form IV,
Jang'ombe