Tusihesabu Magunia Tukasahau Udongo

Mkulima wa uwanda wa Ufipa hana haja ya kufundishwa na mhasibu wa mjini kwamba wingi wa magunia si habari yote ya shamba. Tangu zamani Wafipa wamefukia majani katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, yakaoza na kuwa mbolea ya msimu ujao. Avunaye sana mwaka huu huku udongo wake umechoka, amekula akiba ya watoto wake.

Leo makampuni makubwa yanaifuata hekima hiyo. Zamani taarifa ya mwaka ilikuwa habari ya faida na hasara tu. Sasa mengi hutoa taarifa moja iunganishayo fedha na habari za wafanyakazi, maji, misitu na jamii. Wapo wasemao kwamba matajiri wameingiwa na huruma. Sisi hatusadiki hivyo. Sababu zao zajulikana, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni amri. Mwaka 2010 soko la hisa la Johannesburg lilianza kuyataka makampuni yake yatoe taarifa ya namna hiyo, au yaeleze kwa nini hayakuitoa. Nchini kwetu, kanuni ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021 huwataka wasimamizi wa taasisi waeleze, pamoja na hesabu zao, habari za wafanyakazi, mazingira na jamii.

Ya pili ni mtaji. Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza hatifungani ya kijani kwa ajili ya miradi ya kuhifadhi mazingira. Ilitaka shilingi bilioni 40. Ikapata zaidi ya bilioni 171. Lakini mtu atoaye fedha kwa sharti hilo hudai kuonyeshwa zilikokwenda.

Ya tatu ni usalama wa biashara yenyewe. Mnunuzi wa mahindi asiyejali udongo wa Ufipa leo, kesho atafika Sumbawanga na malori matupu, na matupu atarudi nayo.

Basi, ikiwa makampuni hufanya hivyo kwa faida yake, mfanyakazi na mkulima wanyamaze? La, hasha! Taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya mkopeshaji peke yake yaweza kujaa picha za miti, na ukweli ukafichwa nyuma ya miti hiyo. Tena nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na wale wanaotajwa ndani yake hawazisomi.

Twasema zitolewe kwa Kiswahili pia, na zijibu maswali matatu: Ni wangapi walioumia kazini? Maji yaliyotumika yalirudi mtoni katika hali gani? Ni sehemu gani ya faida iliyorudi katika ardhi na kwa watu?

Wala tusiwanyoshee kidole wenye makampuni peke yao. Vyama vyetu vya ushirika navyo vijibu maswali hayo katika mikutano mikuu, mbele ya wanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari la nusu nalo hupoteza nusu ya mali.