Malezi yasizike kalamu za wasomi wetu

Safu hii imekuwa kimya kwa miezi kumi na mmoja. Baadhi ya wasomaji, hususan walimu wenzangu, waliuliza iwapo nimehama nchi au nimenyamazishwa. La hasha. Nilijaliwa mtoto wa kwanza nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na kalamu ikawekwa kando. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote ila kilio cha mtoto saa nane za usiku.

Ninaishi Buruburu, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kabla ya kujifungua nilikuwa nikiandika makala haya saa kumi alfajiri, kabla matatu za nambari 58 hazijaanza kuvumisha muziki wao kuelekea Barabara ya Jogoo. Nilidhani kwamba baada ya siku arobaini ningeirudia saa hiyo. Nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza niliandika sentensi mbili, mtoto akaamka. Mara ya pili niliandika aya nzima, nami nikalala juu ya meza. Mara ya tatu mtoto alikuwa amelala fofofo na nyumba ilikuwa tulivu, lakini nilipokaa sikupata la kusema. Hapo ndipo nilipotambua kwamba akipatacho mzazi si uhaba wa saa peke yake. Uzi wa fikra hukatika, na kuuunga tena ni kazi kubwa kuliko kuandika kwenyewe.

Hata hivyo, haikuwa miezi ya kupotea bure. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi jinsi mtoto anavyojifunza lugha, ilhali mwenyewe sikuwa nimemsikiliza mtoto hata mmoja kutoka alfajiri hadi magharibi. Wangu alipotimu miezi sita hivi alianza kurudia silabi: ba-ba-ba, ma-ma-ma. Majirani walinipongeza kwamba ananiita. Nilijua kuwa mwanaisimu Roman Jakobson aliyaeleza haya zamani: sauti za midomo humjia mtoto kwa wepesi, nasi wazazi ndio tunaozipa maana tuipendayo. Nililijua hilo, na bado nilitokwa na machozi.

Mwaka 2005 mtaalamu Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kuhusu namna watoto wanavyojifunza Kiswahili, akitumia usemi wa watoto wa Nairobi hii hii. Alionyesha kwamba mtoto anapoanza kuunda vitenzi huacha mara nyingi viambishi vya nafsi na vya njeo. Ambapo mtu mzima angesema ‘anakunywa maji’, mtoto huweza kusema ‘kunywa maji’. Mzazi mwenye busara hangoji sarufi ikamilike ndipo amjibu; humpa maji, na viambishi huja baadaye. Nimejifunza kwamba mwandishi arejeaye baada ya kimya kirefu anastahili kutendewa vivyo hivyo. Aanze na mizizi, mapambo yatafuata.

Lakini nilichokusudia kukisema leo si habari za mwanangu. Nina deni la kulipa.

Miaka michache iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya Kiswahili cha wafanyabiashara wa soko la Gikomba. Sura zake mbili za kwanza zilikuwa miongoni mwa kazi bora nilizopata kuzisoma. Kisha alijifungua, akaacha kuja. Taarifa ya maendeleo yake ilipotakiwa, niliandika kwamba hakuonyesha bidii. Sikumtafuta. Sikumuuliza analea na nani, wala analala saa ngapi. Muda wake wa masomo ulipita na jina lake likaondolewa. Nilikuwa sijawahi kukesha na mtoto, nikauhukumu uchovu nisioujua. Kweli, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Naandika haya kwa kuwa najua si mimi pekee niliyetia sahihi taarifa ya namna hiyo.

Tazama jinsi sheria ilivyonilinda mimi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwajiriwa wa kiume majuma mawili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa mama kumnyonyeshea mtoto kazini. Nilikwenda likizo, nikarudi, kiti changu nikakikuta. Mwanafunzi wangu hakuwa mwajiriwa wa mtu. Kwake hapakuwa na likizo ila ile aliyojichukulia mwenyewe, na hiyo ndiyo niliyoiita uzembe.

Ajabu ni kwamba katika ngazi ya shule tumepiga hatua. Tangu mwaka 1994 sera ya nchi hii imemruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpana zaidi wa kuwarejesha wanafunzi walioacha shule. Utekelezaji una kasoro zake, walimu mnazijua kunishinda, lakini angalau kanuni ipo. Je, inakuwaje msichana wa kidato cha tatu aambiwe ‘rudi’, naye mwanamke wa shahada ya uzamili aambiwe ‘muda wako umekwisha’?

Kuna watakaosema kwamba mwenye kipawa huandika katika hali yoyote. Watamtaja Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi wa wasia yapata mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa. Watamtaja Margaret Ogola, daktari wa watoto na mama, ambaye riwaya yake The River and the Source ilitoka mwaka 1994. Watamkumbuka na Shaaban Robert, aliyewatungia wanawe tenzi za Hati na Adili. Nami nawaenzi wote. Lakini waliofaulu licha ya mzigo si ushahidi kwamba mzigo ni mwepesi. Hao tunawajua kwa sababu waliandika. Walionyamazishwa na malezi hatuna vitabu vyao vya kuwataja.

Zingatia pia kwamba Mwana Kupona na Shaaban Robert hawakuandika kwa kuwakwepa watoto wao. Waliandika kwa ajili yao. Malezi yalikuwa ndiyo mada yenyewe. Kwa hiyo tunapompoteza mzazi msomi tunapoteza pia maarifa ambayo asiye mzazi hawezi kuyaandika.

Nionavyo mimi, vyuo vyetu vifanye mambo matatu. Kwanza, muda wa uzazi usihesabiwe ndani ya muda wa masomo. Mwanafunzi asimamishe saa, na arudipo ianze pale ilipoachia. Pili, chumba cha kunyonyeshea kiwe cha wanafunzi pia, wala kisifungwe kwa ufunguo ulio mfukoni mwa karani. Tatu, nalo halihitaji fedha, msimamizi apige simu kabla ya kuandika taarifa.

Kwenu akina baba mlio walimu na wanafunzi, mkono mmoja haulei mwana. Makala haya yameandikwa kwa sababu mume wangu alimbeba mtoto kwa saa moja kila alfajiri kwa siku tisa. Hakuna falsafa hapo, ni saa tisa tu.

Nanyi mliojifungua na daftari zenu zimefunikwa vumbi, msingoje siku ya utulivu kamili. Andikeni sentensi tatu leo. Mtoto akilala, andikeni ya nne. Haba na haba hujaza kibaba, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Yule mwanafunzi wangu nimempata. Anaishi Umoja, hatua chache kutoka kwangu, na mtoto wake sasa anasoma shule ya chekechea. Sura zile mbili bado anazo. Nilimwomba radhi, naye alinyamaza kitambo kabla ya kuniuliza iwapo Gikomba bado yaweza kuwa mada. Nimeandika barua kuomba jina lake lirejeshwe. Sijajibiwa, na sitaacha kuuliza.