Upweke Si Ugonjwa wa Wazungu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna imani moja inayowaunganisha mhubiri wa mtaa wa Kadutu na profesa wa mtaa wa Ibanda: upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Mzungu anaishi na mbwa wake, akifa jirani anajua baada ya wiki mbili. Mwafrika ana ukoo, ana kanisa, ana jirani anayeingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo kijana anayekesha na simu, akiandikiana na msichana wa Bujumbura au Lubumbashi ambaye hajawahi kumtia machoni, hana upweke wowote. Ana uvivu, au ana shetani. “Iko tu mu simu,” mama anawaambia majirani, na kesi inafungwa hapo.

Imani hiyo ni tamu kwa sababu inatusifu. Ubaya wake ni kwamba si kweli.

Mwezi Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani, ile OMS ya mabango ya hospitali zetu, ilitoa ripoti juu ya upweke. Iliongozwa na Vivek Murthy wa Marekani na Chido Mpemba wa Zimbabwe. Ilikuta kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaumwa na upweke, na kwamba vijana wanaumia kuliko wazee: kati ya miaka 13 na 29, asilimia 17 hadi 21 walisema wako wapweke. Lakini takwimu inayostahili kubandikwa kwenye mlango wa kila parokia ni nyingine. Katika nchi tajiri wapweke ni kama asilimia 11; katika nchi maskini, ambako Kongo imo, ni kama asilimia 24. Mara mbili na zaidi. Ugonjwa wa Wazungu umekosea njia.

Mkazi wa Kadutu hapaswi kushangaa. Mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, walijijengea wao wachache kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu. Leo unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja, na wengi wao wamebanana mlimani, ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba moto ukishika nyumba moja hauishii hapo. Chumba kimoja kinalaza ndugu wanne. Humo kikohozi ni cha wote, na siri ni ya wote. Kijana wa miaka 22 hawezi kulia kwa kuachwa, wala kumwambia mtu kwamba anampenda, bila bibi kuuliza huyo ni nani, kabila gani, na baba yake anafanya kazi wapi. Ripoti yenyewe inaueleza upweke kuwa ni pengo kati ya ukaribu ambao mtu anautaka na ule alio nao. Idadi ya vichwa kitandani haizibi pengo hilo.

Kwa hiyo kijana anangoja. Umeme wa shirika la SNEL ukirudi usiku wa manane, simu zinachomekwa kwa zamu. Anapunguza mwanga wa skrini mpaka mwisho, anavuta blanketi juu ya kichwa, anabana simu sikioni ili ujumbe wa sauti usimwamshe mdogo wake. Anausikiliza mara mbili. Anajibu kwa maandishi, maana kusema hawezi.

Marekani ina filamu ndogo ya kujitegemea inayomfahamu kijana huyu kuliko wahubiri wetu wanavyomfahamu. Inaitwa We're All Going to the World's Fair, imeongozwa na Jane Schoenbrun, na ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance Januari 2021, mwaka ambao korona ililazimisha watu wengi kulitazama tamasha hilo wakiwa nyumbani kwao. Msichana Casey anajiunga na mchezo wa kutisha mtandaoni, anajichoma kidole mbele ya kamera, kisha mwanamume mtu mzima anaanza kumwandikia. Baba yake hatumwoni kamwe. Tunasikia tu sauti yake ikigomba ukutani. Akikosa usingizi, Casey anawasha video ya mwanamke asiyemjua anayemnong'oneza mpaka alale. Mtetezi wa imani yetu atapiga makofi: si nilisema, nyumba tupu, familia ya Kizungu! Amekosea kusoma. Casey ana chumba na hana mtu. Wa Kadutu ana watu na hana chumba. Wote wawili wanaishia kwenye mwanga uleule.

Wapo wanaokubali kwamba upweke upo, ila wanadai simu ndiyo iliyouleta: iondoe, vijana watarudi kuongea kikaoni. Dawa hiyo serikali ilishatujaribishia. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na haikurudi mpaka karibu tarehe 20 Januari. Karibu wiki tatu. Waliofaulu kurudi kikaoni ni wachache. Walioweza walinunua laini za Rwanda na kusogea mpakani upande wa mto Ruzizi kutafuta mtandao wa jirani. Mtu hatembei kilomita kadhaa kufuata uvivu.

Kisha ikaja Februari 2025. Waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafunga milango, makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Wachumba na marafiki wa shule walijikuta kila mmoja upande wake wa mstari wa vita. Ukaribu wa mtandaoni, uliokuwa dhambi mwezi Januari, ndio ukaribu pekee uliobaki kwa wengi wao, na ni simu hiyohiyo iliyopokea pesa ya chakula kutoka kwa mjomba wa mbali. Hakuna mhubiri aliyelalamika juu ya hilo.

Hatari zipo, na kuzikana ni upuuzi. Kuna matapeli wanaojifanya wapenzi, wanaomba picha za mwili, kisha wanadai pesa. Kongo ina Sheria ya Kidijitali ya Machi 2023 inayoadhibu unyanyasaji wa mtandaoni. Lakini tapeli hategemei sana udhaifu wa sheria. Anategemea aibu ya nyumbani. Binti anayejua kwamba akifungua mdomo atapigwa kwanza na kuulizwa baadaye, huyo atalipa. Atauza simu, atakopa kwa rafiki, atalipa tena. Kila mzazi anayesema upweke wa mwanawe ni upumbavu anamfanyia tapeli nusu ya kazi.

Sinema nayo ina lawama yake kwa kumsahau kijana huyu. Filamu zilizoifanya Bukavu ijulikane duniani ni L'Homme qui répare les femmes ya mwaka 2015 juu ya Daktari Denis Mukwege, mtibabu wa wanawake waliobakwa (ambayo serikali iliipiga marufuku kwanza, ikaiachia baada ya wiki chache), City of Joy ya 2016, na ile ya Milo Rau ya 2017 kuhusu mahakama yake ya kuigiza juu ya Kongo, iliyokaa hapa mjini. Zote ni za lazima, na zote zimetengenezwa na wageni. Anayezitazama atadhani kijana wa Bukavu huzaliwa akiwa shahidi wa mauaji na hana usiku wa kawaida. Vijana wa Kivu waliofunzwa kamera wapo: kituo cha Yole!Africa cha Goma, cha mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kinawafunza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hadithi ya yule aliye chini ya blanketi haidai helikopta wala kibali cha jenerali. Inadai chumba kimoja cha Kadutu, simu mbili, na mfadhili ambaye hatauliza kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu bunduki itatokea dakika ya ngapi.