Usukani Mzito Si Lazima Uwe Usukani Mwema

Miongoni mwa vijana wetu wa vyuo vikuu, na hata walimu chipukizi wanaopata mshahara wao wa kwanza, gari la kasi limekuwa gumzo lisilokwisha. Subaru Impreza ndilo linalotajwa zaidi. Si ajabu, kwani tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka wa 1997 akiendesha gari la jina hilo, Wakenya hawajaacha kulisifu. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Ninalolalamikia ni jinsi magari hayo yanavyobadilishwa pindi yanapotua bandarini Mombasa kutoka Japani, na hasa jinsi usukani, ambao ndio uhusiano wa pekee baina ya mikono ya dereva na magurudumu ya mbele, unavyoharibiwa na watu wanaoamini kwamba wanauboresha.

Mimi ni mwanaisimu, wala sidai kuwa fundi. Hata hivyo, nimewasikiliza kwa makini mafundi na wateja wao katika gereji za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, nami nimesadiki kwamba kosa huanzia katika lugha. Mteja husema anataka "steringi nzuri". Maneno hayo mawili hubeba maana tatu zisizohusiana sana: uzito wa usukani, wepesi wa gari kuitika, na hisia inayomfikia dereva kutoka barabarani. Asiyezitenganisha atalipia moja akidhani amenunua nyingine.

Uzito ni nguvu tu inayohitajika kuuzungusha usukani. Wepesi wa kuitika hutegemea, pamoja na mengine, uwiano wa meno ya usukani. Iwapo uwiano huo ni 15 kwa 1, dereva akizungusha usukani digrii 15, magurudumu hugeuka digrii 1. Uwiano ukiwa 13 kwa 1, gari hugeuka upesi zaidi kwa mkono uleule.

Hisia ni jambo jingine kabisa, na ndilo lenye thamani kubwa. Gari linapokata kona, mpira wa tairi hupindika pale unapogusa lami, na nguvu ya kushikilia barabara hutenda kazi nyuma kidogo ya kitovu cha mguso huo. Kwa sababu hiyo gurudumu hutaka kujinyosha, na dereva huhisi mvuto huo viganjani. Sasa sikilizeni ajabu yake: tairi linapokaribia kuteleza, mvuto huo huanza kupungua kabla nguvu ya kushikilia haijaisha. Usukani hulegea mkononi ghafla. Huo ni ujumbe, tena ni onyo, nao humfikia dereva akiwa bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Kijana anayeteremka kwa kasi mlima wenye lami iliyoloa anahitaji onyo hilo kuliko anavyohitaji farasi 300 chini ya boneti.

Mitambo ya kumsaidia dereva kuzungusha usukani ilianza zamani. Mhandisi Mmarekani Francis Davis aliionyesha mwaka wa 1926, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuiuza katika gari lake la Imperial mwaka wa 1951. Hiyo ilitumia mafuta yanayosukumwa kwa pampu. Kisha ikaja mota ya umeme, ambayo Suzuki waliitia katika gari dogo la Cervo mwaka wa 1988. Mota hupunguza matumizi ya petroli kwa kuwa hufanya kazi inapohitajika tu, na ndiyo maana hata Porsche waliikubali katika 911 ya mwaka wa 2011, ingawa wapenzi wa gari hilo walinung'unika kwamba usukani umekuwa bubu. Magari mengi ya namna hii yana kitufe cha mwendo wa kimichezo. Ukikibonyeza, aghalabu kinachoongezeka katika usukani ni uzito. Ni sawa na mtu aliyeulizwa swali asilolielewa, akajibu kwa sauti kubwa zaidi.

Vijana wetu wanafanya nini basi? Hununua rimu pana zinazochomoza nje ya bodi. Rimu hizo husogeza tairi mbali na mhimili wa kugeukia, na kila shimo huung'ang'ania usukani na kuuvuta upande. Hukata springi ili gari liiname. Fito za usukani hupoteza mlalo wake, na gurudumu linapopanda tuta hujigeuza lenyewe bila ya dereva kuagiza. Kelele hizo zote huzima ule ujumbe nilioutaja. Wenyewe huziita hisia!

Marekebisho ya kweli hayana fahari yoyote ya kuonyesha marafiki. Huanzia kwenye matairi mema yenye upepo ulioandikwa na mtengenezaji mlangoni mwa gari, huendelea kwenye tairodi, boljointi na bushi zilizolika, na ndipo hufuata alaimenti. Hapo ndipo mwenye gari anaweza kuomba mhimili wa gurudumu ulazwe nyuma zaidi kidogo, iwapo gari lake linaruhusu, ili usukani urudi katikati kwa nguvu na kueleza mengi. Bushi ngumu za plastiki nazo husaidia, ila mwenye gari ajue kwamba mtikiso wa barabara ya changarawe utamfikia wote.

Walimu wa fizikia wana hazina hapa. Gurudumu dogo la mkokoteni wa dukani, linalofuata nyuma ya msumari wake daima, laeleza mlalo wa mhimili vizuri kuliko michoro mingi ya ubaoni. Walimu wa Kiswahili nao wasidharau msamiati wa gereji. Tairodi na bushi ni maneno yaliyokwisha kupewa uraia na wanaoyatumia, na mwanafunzi anayeyajua kwa maana zake kamili hadanganywi na muuza vipuri.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujalipia rimu, mwambie fundi alinyanyue gari mbele kwa jeki, aliegemeze juu ya stendi imara, kisha alishike gurudumu ubavuni kushoto na kulia na kulitikisa. Likigongagonga, fedha zako zianzie hapo, kwa maana tairodi iliyolegea leo yaweza kuchomoka kesho, na ikichomoka hakuna usukani tena, uwe mzito au mwepesi.