Kusimika Mfumo Endeshi Si Mwisho wa Somo

Katika ufundishaji wa kompyuta vyuoni mwetu imejengeka desturi ya kuhesabu somo la kusimika mfumo endeshi kuwa limekwisha mara kioo kinapowaka. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo linapoanza somo lenye manufaa zaidi kwa mwalimu mtarajiwa.

Yafaa ieleweke kwamba kila kifaa, kiwe kioo, spika, printa au kadi ya mtandao, huhitaji kiendeshi, yaani programu inayopeleka amri za mfumo kwa kifaa hicho. Kiendeshi halisi kikikosekana, aghalabu mfumo hutumia kile cha jumla. Hapo picha huonekana, lakini maandishi ni makubwa kupita kiasi. Pengine sauti haisikiki kabisa. Mwanachuo asiyejua sababu hutangaza kwamba mashine ni mbovu, nayo hupelekwa stoo.

Wanachuo wa Mpanda wanaelewa haraka tukianza na jambo wanalolijua. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Kakese au Mpimbwe hairidhiki nafsi yake kwa kuifunga tu bandani. Huirekebisha kidogo kidogo, akitazama mchele unaotoka, kwani mashine iliyokazwa vibaya hutoa chenga. Vivyo hivyo kompyuta.

Kwa mkoa wetu wa Katavi jambo hili lina uzito. Mwalimu atakayepangiwa Mishamo, Inyonga au Karema hatakuwa na fundi jirani. Tena atakutana na fumbo hili: kadi ya mtandao isiyo na kiendeshi haiwezi kumfikisha kwenye intaneti anakopatikana kiendeshi hicho. Asiyekihifadhi mapema kwenye flashi amekwama.

Napendekeza hatua nne za kufundishia. Kwanza, kabla ya kusimika, mwanachuo aandike aina ya kila kifaa na ahifadhi viendeshi vyake. Pili, baada ya kusimika, afungue orodha ya vifaa na kutambua vyenye alama ya hitilafu. Tatu, abadilishe mpangilio mmoja tu kwa wakati mmoja, akiwa ameandika daftarini ule wa awali, kisha aijaribu mashine. Nne, ajifunze kurudisha kiendeshi cha zamani pale kipya kinapoleta matatizo. Mwalimu asimwambie pa kubonyeza; amwulize, "Nini kilibadilika, na umejuaje?"

Wapo wanaosema kwamba mifumo ya leo hujitafutia viendeshi yenyewe. Ni kweli, ila hufanya hivyo kwa intaneti, na mara nyingine huchagua kisichofaa. Wengine husema hiyo ni kazi ya fundi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kila shule ingekuwa na fundi.

Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Hizo zitahitaji kusimikiwa mfumo mwingine, kama vile Linux, na kurekebishwa upya. Kama zitafundishia watoto au zitalala stoo, hilo litategemea tunachowafundisha walimu sasa. Kwa hiyo, mtihani wa vitendo usitoe alama kwa kusimika peke yake. Alama kubwa ziwekwe kwenye lile daftari la marekebisho.